Rangi ya kahawia ya joto imekugomea ukutani? Tafuta chanzo kabla ya kununua ndoo nyingine

Katika nyumba mpya za Ilazo, Kisasa na Nzuguni hukosi sebule iliyopakwa ile kahawia hafifu yenye joto, ya chai iliyokolea maziwa. Sababu zake zinaeleweka. Vumbi la Dodoma ni jekundu, upepo wa kiangazi hauna adabu, na ukuta mweupe unadai kitambaa kila wiki. Kahawia inasitiri. Inapumzisha macho ukitoka kwenye jua la saa saba, na inaelewana na milango ya mninga.

Lakini hii pia ni rangi inayozaa malalamiko mengi fundi akishaondoka. Dukani haikuwa hivi. Mchana nzuri, usiku siitaki. Imetoka mabaka. Wengi hukimbilia ndoo nyingine ya lita 20, ilhali iliyopo ukutani haina kosa. Kahawia ya namna hii hupatikana kwa kutia njano, nyekundu na nyeusi kidogo kidogo ndani ya nyeupe. Hakuna hata moja inayotawala, kwa hiyo mwanga ukiegemea upande wowote, ukuta nao unaegemea huko huko. Anza uchunguzi na mwanga, nenda kwenye vyombo vya chumbani, kisha ukuta wenyewe. Rangi ishtakiwe mwisho. Mpangilio huu una faida ya mfukoni pia: balbu haifiki hata robo ya bei ya ndoo, na pazia linashonwa upya bila kuhamisha kabati.

Kipimo cha awali ni karatasi nyeupe ya A4. Ibandike kwa selotepu katikati ya ukuta unaokukera, toka nje dakika moja kwa sababu jicho huzoea haraka, kisha ingia uitazame. Karatasi ikionekana imevuta bluu, kijani au wekundu, mkosaji ni mwanga. Ikibaki nyeupe na ukuta peke yake ndio umegeuka, mkosaji ni rangi au jirani zake.

Mchana ukuta unavuta kijani, au umefifia ukawa kijivu

Angalia vioo vya dirisha kabla ya kitu kingine. Madirisha mengi ya alumini tunayofunga siku hizi yana vioo vya bluu au kijani, na kioo cha rangi huchuja mwanga wote unaoingia. Mwanga wa bluu ukipiga kahawia yenye joto, ule wekundu na unjano uliokufanya uipende haupati cha kurudisha. Kinachobaki ni kijivu. Kioo cha kijani kinavuta ukuta kuelekea kijani, na hapo watu huapa kwamba duka limewachanganyia rangi ya mtu mwingine.

Niliwahi kuingia sebule moja Ilazo yenye dirisha pana la vioo vya bluu. Kipande kimoja kilikuwa kimepasuka na fundi akaweka kioo cheupe cha kawaida. Saa nne asubuhi ukuta wa mbele ulikuwa umegawanyika waziwazi: upande mmoja kahawia yenye joto, upande wa pili kijivu baridi, na mpaka wa hizo mbili ukifuata fremu ya dirisha. Mwenye nyumba alikuwa amemlaumu fundi rangi kwa kutumia makopo mawili tofauti. Kumbe kopo ni moja.

Wewe huna haja ya kusubiri kioo kipasuke. Fungua dirisha lote, sukuma pazia, subiri kidogo. Kahawia ikirudi, umepata jibu. Kubadili vioo ni gharama, kwa hiyo anza na pazia jepesi la krimu badala ya lile jeupe pe; krimu hurudisha unjano kidogo kwenye mwanga. Kama hujapaka bado na vioo ni vya bluu, chagua kahawia iliyoegemea njano au chungwa kidogo kuliko unayoitaka, ukijua kioo kitaipunguza.

Vioo vikiwa vyeupe, uliza chumba kinatazama wapi. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, hivyo chumba chenye dirisha la kusini kinaishi kwa mwanga wa anga, ambao ni wa kibluu. Desemba jua linahamia kusini na chumba kile kile kinachangamka. Ndiyo maana mtu aliyepaka wakati wa Krismasi akafurahi anaweza kulalamika Juni. Mwarobaini mkubwa dirishani, au bati la kijani la jirani linalopigwa na jua, hufanya kazi kama kioo cha kijani. Mti usiukate kwa ajili ya rangi. Ongeza joto kwenye rangi.

Umegeuka pinki, au unawaka kama chungwa

Hapa Dodoma ina mkosaji wake wa peke yake: uwanja. Ua wa udongo mwekundu uliopigwa na jua unarudisha mwanga mwekundu kupitia dirishani, tena kutoka chini, kwa hiyo unatua kwenye dari na sehemu ya juu ya ukuta. Ukiona pinki iko juu zaidi kuliko chini, na inakolea kati ya saa tano na saa tisa, toka nje. Tandika turubai la rangi hafifu chini ya dirisha, rudi ndani uangalie dari. Tofauti inaonekana hapo hapo. Dawa ni kokoto, pevingi za kijivu au nyasi kama maji yanaruhusu, na utakuwa umepunguza vumbi pia.

Marumaru za sakafuni zenye wekundu hufanya hivyo hivyo kwa chini. Kuta nazo huangaziana: rangi iliyoonekana ya kiasi kwenye kadi ya dukani hukolea ikishazunguka pande nne, kwa kuwa kila ukuta unatupa rangi yake kwa mwenzake. Ndiyo maana kadi yenye ukubwa wa kidole haitoshi kuamulia. Paka mikono miwili (tabaka mbili za rangi) kwenye kipande cha jipsam bodi cha kama sentimita 60 kwa 60, ukisogeze ukuta hadi ukuta, ukitazame saa mbili asubuhi, saa saba, saa kumi na moja jioni na usiku taa zikiwaka. Usikihukumu kikiwa kibichi, maana rangi nyingi za maji hukolea zikikauka.

Mninga unahitaji tahadhari yake. Mbao zake zina wekundu wa dhahabu, na zikikaa kando ya kahawia yenye pinki ndani yake, vyote viwili vinaonekana vyekundu kupita kiasi. Kahawia iliyoegemea njano inaupa mlango nafasi. Iliyoegemea kijani inaufanya mlango uonekane mwekundu maradufu, jambo ambalo wengine hulipenda, mimi silipendi.

Ukithibitisha kwamba kopo lenyewe lina wekundu mwingi, rudi nalo dukani kwenye mashine waongeze njano kidogo au kijani tone. Fundi anayekutilia rangi ya kuchanganyia kwa jicho ndani ya ndoo anaweza kuipatia, lakini hataweza kuirudia siku ukipungukiwa.

Mchana iko sawa, usiku imekufa

Balbu hiyo. Balbu nyingi za LED zinazouzwa madukani ni zile nyeupe kabisa, zilizoandikwa 6500K ubavuni (K ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikishuka, mwanga unaelekea njano). Mwanga huo una bluu nyingi na kahawia haiupendi hata kidogo. Tafuta iliyoandikwa 3000K, au 2700K kwa chumba cha kulala. Jikoni 4000K inatosha ili usikate kitunguu kwenye mwanga wa njano. Badilisha balbu zote za chumba kwa pamoja, maana nyeupe moja na njano moja zitaufanya ukuta mmoja uonekane wawili. Kama boksi lina namba ya CRI, inayoonyesha balbu inatoa rangi za vitu kwa usahihi kiasi gani, chukua ya 90 au zaidi. Chini ya 80 hata samaki mezani anaonekana mgonjwa.

Zile taa za ukanda zinazofichwa kwenye jipsam ya dari ni hadithi nyingine. Zikiwa za bluu au zambarau, hakuna kahawia itakayopona. Zizime.

Rangi ni sahihi, lakini chumba hakina uhai

Huu ndio ugonjwa mkubwa, na hautibiwi kwa brashi. Ukuta kahawia, sofa za kahawia, pazia la kahawia lenye maua ya kahawia, meza ya kahawia, zulia la krimu lililokwisha kuwa kahawia. Kila kitu kina ukolezi ule ule wa rangi, jicho halipati pa kutua.

Piga picha ya chumba kwa simu, kisha uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Kama sofa, ukuta na pazia vimegeuka kijivu kimoja, umeuona ugonjwa. Chumba kinahitaji kitu cheupe kweli, kitu cheusi au kinachokaribia, na rangi moja ya kuchangamsha. Tembe za Wagogo zilikuwa na kuta za udongo wa hapa hapa, lakini ndani kulikuwa na boriti zilizowekwa weusi na moshi wa jiko, na mlango uliokata mwanga mkali wa nje. Kahawia ya ukuta ilisimama kwa sababu ilikuwa na mpinzani.

Nyumbani kwako mpinzani si ghali. Dari iwe nyeupe safi, siyo krimu iliyochoka. Fremu nyembamba nyeusi za picha, au nondo za dirisha zilizopakwa nyeusi, zinatosha kuupa ukuta mipaka. Foronya mbili tatu za kitenge chenye bluu ya usiku au kijani cha jani bichi hufanya kazi kubwa kuliko seti nzima ya sofa mpya. Soko la Majengo au Sabasaba utapata kitenge, na fundi cherehani wa mtaani atakushonea siku hiyo hiyo. Vikapu, vyungu na mikeka vina rangi inayokaribiana na ukuta, kwa hiyo vinapendeza kwa umbo na ufumaji wake wala havitoi upinzani. Usivitegemee peke yake. Kijani hai cha mmea kwenye kona kinasaidia, ila chungu chake kiwe na kisahani. Sababu nitaifikia kwenye chumvi.

Chumba kidogo chenye dirisha moja kinaweza kuwa kimepakwa kahawia nzito mno. Kwenye baadhi ya kadi za rangi kuna namba ya LRV, inayoonyesha ukuta unarudisha mwanga kiasi gani kati ya 0 na 100. Kwa chumba cha giza mimi sishuki chini ya 55. Sebule yenye madirisha pande mbili inabeba hata 40.

Mistari ya rola, mabaka, na kiraka kinachong'ara

Hali ya hewa ya hapa inakausha rangi upesi mno. Hewa kavu, upepo, na ukuta wa magharibi uliochomwa na jua tangu saa nane: rola ya pili inafika wakati ya kwanza imeshaanza kukauka ukingoni, na pale zinapopandana ndipo mstari unabaki. Paka asubuhi. Funga madirisha ya upande wa upepo wakati wa kupaka, yafungue baadaye. Fundi mmoja apige kona kwa brashi, mwenzake amfuate na rola hapo hapo, kona hadi kona bila kwenda kunywa chai katikati ya ukuta. Maji ya kuongeza yasizidi kipimo cha kopo; rangi iliyochujuka inafunika nusu nusu na mabaka yake hayafichiki hata kwa mkono wa tatu.

Mistari ikishatokea, piga msasa laini wa 180 au 220, futa vumbi, upake ukuta mzima mkono mmoja. Usipake kiraka. Hata rangi ya kopo lile lile itaonekana, hasa ikiwa silki (rangi yenye mng'ao kidogo) na kiraka kimepigwa kwa brashi juu ya ukuta wa rola.

Nusu ya ukuta kukolea kuliko nusu nyingine ni kosa la makopo. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina ukuta wa mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Lita moja ikifunika mita 10, mikono miwili inataka karibu lita 8, yaani galoni mbili za lita 4. Zimimine zote kwenye ndoo moja, ukoroge, ndipo uanze. Plasta isiyopigwa skimu (tabaka laini la juu) inakula zaidi ya hapo.

Chumvi nyeupe chini ya ukuta, mapovu, rangi inayomwagika unga

Kwenye kahawia chumvi huonekana wazi kuliko kwenye nyeupe, ndiyo maana watu hudhani imeletwa na rangi. Imetoka ndani ya ukuta. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na ndiyo yaliyochanganya saruji na kumwagilia tofali. Udongo chini ya msingi nao una yake. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, ukuta unakunywa. Kiangazi kikianza hewa kavu inavuta unyevu utoke, maji yanaruka, chumvi inabaki nyuma ya rangi. Inapojigandisha inasukuma. Kwanza unaona uvimbe wa ukubwa wa sarafu juu ya skatingi, ukiubonyeza unavunjika na ndani kuna unga mweupe laini unaosagika kwa kidole. Huo siyo ukungu. Ukungu huja na madoa meusi au ya kijani, mara nyingi bafuni au nyuma ya kabati lililogusa ukuta.

Kujua unyevu unatoka wapi, bandika kipande cha nailoni safi cha sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote kwa selotepu, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukuta, maji yako ndani. Yakitokea upande wa chumba, tatizo ni hewa ya chumba, fungua madirisha.

Maji yakiwa ndani ya ukuta, toka nje tena. Mara nyingi udongo wa bustani au kifusi umelundikwa mpaka ukapita juu ya karatasi ya kuzuia unyevu iliyolazwa kwenye msingi, au hakuna karatasi yoyote. Shusha udongo, elekeza maji ya bati mbali, angalia bomba la bafu lililo nyuma ya ukuta huo, na vyungu vya maua visivyo na kisahani. Ndipo uguse ukuta: sugua chumvi kwa brashi kavu na uikusanye. Usiioshe kwa maji, kwa sababu inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ng'oa skimu na plasta iliyolegea, acha ukuta ukauke kiangazi, ndipo uweke praima (rangi ya kutangulia) ya kustahimili alkali, yaani ule ukali wa saruji, na rangi ya maji.

Kuna tiba inayopendwa sana mitaani, ya kupaka mita moja ya chini kwa rangi ya mafuta. Inapendeza miezi michache. Kisha unyevu ulioziba njia unapanda juu zaidi, na chumvi inatokea juu ya ule mstari ambako zamani palikuwa pazima. Kubandika marumaru ukutani kuficha kuna matokeo hayo hayo.

Nyumba mpya ina shida ya pili. Plasta ya saruji inataka takriban siku 28 kabla ya rangi, na alkali yake mbichi huunguza baadhi ya rangi za kuchanganyia, hasa njano na nyekundu zisizo za oksidi ya chuma. Kahawia inapauka kwa madoa madoa. Dukani omba mchanganyiko wa oksidi; unastahimili alkali na jua pia.

Inabanduka vipande vikavu

Pitisha kiganja ukutani palipobanduka. Kikitoka cheupe, chini kuna chokaa ya zamani au vumbi la msasa ambalo halikufutwa, na rangi ilishika unga badala ya ukuta. Kwangua, futa kwa kitambaa chenye unyevu, paka praima ya kugandisha, jaribu selotepu: ibandike, ivute kwa nguvu. Ikitoka safi, endelea.

Nyufa

Nyufa nyembamba za buibui kwenye skimu ni za kukauka upesi. Jaza, piga msasa, paka. Ufa unaokata kona ya dirisha kwa mshazari na unaopanuka kila mwaka, hasa kama nyumba iko kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba mvua na kusinyaa kiangazi, mpelekee fundi wa ujenzi. Fundi rangi hana dawa yake.

Alama za mikono na michirizi ya vumbi

Rangi isiyong'aa inanyonya. Kwenye korido, karibu na swichi na nyuma ya viti tumia silki ya kahawia hiyo hiyo. Sebuleni na chumbani isiyong'aa inaficha mawimbi ya plasta vizuri zaidi. Vumbi lifute kwanza likiwa kavu, kwa kitambaa laini, kutoka juu kwenda chini. Ukianza na maji, ule wekundu unageuka tope na kuzama. Rangi mpya ipe wiki nne kabla ya kuiosha, hata kama kwa mguso imekauka siku ile ile.